Panzi Mwenye Papasi Ndefu

Bigwa, Morogoro
Jumapili, mwanzoni mwa Oktoba. Mwaka wa arobaini na mbili tangu niondoke Muleba

Mdogo wangu Adelina,

Goti lako linasemaje? Juzi kwenye simu ulisema limetulia, lakini nilikusikia ukiguna ulipoketi, kwa hiyo sikukuamini. Mimi ni mzima, ila situlii mahali pamoja. Barua hii nimeianza mezani, nikahamia barazani, sasa niko mezani tena. Mlima nao umejifunika mawingu tangu asubuhi na mvua hainyeshi.

Uliniuliza jambo moja, ukataka jibu kabla ya Krismasi: je, narudi nyumbani kuishi, au kibanja cha baba, na migomba yake yote, apewe mwanao? Kwenye simu usingeniacha nimalize, ndiyo maana naandika. Jibu limetokana na panzi, na wewe umo ndani yake, kwa hiyo nivumilie.

Unajua kwamba tangu nistaafu nawafundisha watoto wa majirani kuchora michoro ya baiolojia. Mwaka huu ninaye Paskalina wa kidato cha nne, binti wa mama anayelima mchicha nyuma ya nyumba yangu. Anataka kuwa mkunga, na bila alama nzuri ya baiolojia chuo hakimpokei. Mtihani wake ni mwezi ujao.

Wiki mbili zilizopita alikuja na karatasi ya mtihani wa majaribio. Hata kiti hakukitaka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Panzi wako kaniponza."

Walikuwa wamepewa panzi kwenye kisahani, wamchore. Kapata nne kati ya kumi. Nikavaa miwani. Mchoro ulikuwa safi, Adelina. Penseli imechongwa vizuri, mstari ni mmoja usiorudiwa, hakuna kutia kivuli. Mistari ya majina imepigwa kwa rula, haikatizani wala haina vichwa vya mshale. Yote kama nilivyomfundisha. Lakini msahihishaji alikuwa amezungushia kalamu nyekundu zile papasi, nywele mbili za kichwani ambazo mdudu hupapasia njia, akaandika pembeni: Chora unachokiona.

"Huyu msahihishaji panzi hamjui," nikasema. "Twende bustanini."

Nikamkamata wa kwanza kwa kofia yangu. Papasi zake fupi, kama vipande vya uzi. Nikasema huyu zimekatika. Wa pili, fupi. Wa tatu, fupi. Paskalina akashika tumbo kwa kucheka.

"Babu, wote wamenyolewa?"

Mama yake akainua kichwa kutoka kwenye tuta. "Mwalimu, unanikanyagia mchicha kwa ajili ya panzi? Hao nawaona kila siku, ndivyo walivyo!"

Nikasimama palepale na kofia yangu mkononi, nikajua niliyekuwa namchora ni nani. Nilikuwa namchora senene, panzi wetu wa kukaanga wa kule Muleba. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa kwenye mkeka wa mama, wewe unanyofoa mabawa, mimi miguu? Ulikuwa ukimshika mmoja kwa zile papasi zake, ndefu kupita mwili, unamning'iniza mbele ya pua yangu mpaka nipige kelele. Miaka yote ya ualimu, kila nilipochora panzi ubaoni, nilimchorea nywele zile. Kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima na nilikuwa nawaachia watoto. Mimi niliuamini mkono wangu.

Siku ya pili nikaenda Mkuyuni kwa Devota, niliyemfundisha zamani na ambaye sasa ni mwalimu wa baiolojia. Ukutani kwake kulikuwa na panzi wangu, niliyemchora mwenyewe kwa wino kwenye karatasi ya manila nikampa alipopangiwa kazi. Papasi zimepanda mpaka ukingo wa karatasi.

"Devota, huyu panzi umewahi kumwona?"

Akacheka kwa aibu. "Huyo hasa, hapana, mwalimu."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani huyo wako ndiye panzi halali. Hawa wetu nikaona ni wa kienyeji."

"Na watoto wakikuuliza?"

"Nawaambia wachore wa mwalimu."

Neno hilo halijaniachia hadi leo. Mtoto ana mdudu mbele ya macho yake, amezaliwa naye shamba moja, halafu anaambiwa amwache achore wa mwalimu.

Tukambana panzi mmoja kwa pini kwenye kipande cha sabuni, nikaketi kumchora upya. Nilitumia asubuhi nzima. Kila nilipofika kwenye papasi mkono ulitaka kuendelea, na mara tatu nilifuta. Ya nne nikaacha pale alipoishia yeye. Yule wa zamani tukamtoa ukutani. Devota akaniambia wenzake kule juu Matombo wamemnakili pia, na wengine hawajui hata ametoka kwa nani. Wiki iliyopita nimekwenda kwenye shule mbili. Zipo nyingine, na njia zake ni za kupanda kwa miguu.

Paskalina sasa simpi mchoro wowote wa kunakili. Ninamwekea kitu mezani, naondoka. Jana alichora panzi watano. Wanne wa kwanza bado walikuwa na nywele zetu. Wa tano alimtazama kwanza, muda mrefu, kisha akachora, akanisukumia karatasi na kusema, "Haya, mnyonge wako huyo." Alikuwa sahihi kila mstari.

Sasa jibu lako. Usidhani ni kaburi la wifi yako linalonizuia. Nimekaa hapa miaka arobaini na mbili nikiwachorea watoto wa watu mdudu wa kwetu, na wa hapa walikuwa wakirukaruka miguuni pangu, sikuwatazama. Macho niliyobaki nayo si ya miaka mingi. Nataka yatumike huku.

Shemeji mwambie ile redio yake aipunguze, naisikia hadi Morogoro ukinipigia. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, na katekista mwambie vitabu vyake ninavyo bado. Msimu ukifika na senene wakianguka, nitumie mkebe mmoja kwa basi, waliokaangwa. Na mmoja mkavu, mzima, usimnyofoe kitu. Nitamchora kwa haki yake, na chini yake niandike jina lake mwenyewe.

Kibanja mpe mwanao. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Deogratias