Kahawa ya Mara ya Tatu

12 Machi

Kwa ndugu yangu Urho,

Salamu nyingi ziwafikie huko Alberta, wewe na Shirley na wajukuu. Natumaini mgongo wako umetulia baada ya safari ndefu ya mazishi, na kwamba umeacha kujifanya kijana wa kubeba mizigo. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu ambalo siku hizi linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Barafu ya ziwa bado inabeba gari. Kaarina wangu anakusalimu, na anasema ile sufuria uliyoisahau kwenye ukumbi wa kanisa ameshaanza kuipikia, kwa hiyo usijisumbue kuiulizia.

Siku ile ya kumzika mama yako, watu walipokuwa wanakunywa kahawa, ulinishika mkono ukanivuta pembeni. Ulisema mama yako alikuambia kwa simu mwaka jana kwamba ameandika barua ya malalamiko kwenye ofisi yetu, nawe ukataka kujua barua hiyo iliishia wapi na nani aliyeinyamazisha. Nilikujibu kwamba nitafuatilia. Nimefuatilia. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na usiiache katikati.

Kazi yangu unaijua, maana umeitania vya kutosha. Mwaka wa kumi na moja huu napokea malalamiko ya wagonjwa wa hospitali na ya wazee waliowekwa kwenye makao ya kutunzwa. Ulikuwa ukisema mimi ni shimo la choo la jimbo zima: kila mtu anakuja kumwaga, hakuna anayekuja kuzoa. Nilikuwa nikicheka na wewe. Sasa nimejua ulikuwa unasema kweli tupu, tena ulikuwa mpole.

Jumatatu iliyopita nilikwenda Makao ya Misonobari, alikokuwa akitunzwa mama yako, bila kuwaarifu. Mlango ulipofunguka harufu ilinipiga usoni. Usimwamini mtu anayekuambia ile ni harufu ya uzee. Wewe na mimi tumelelewa na mabibi wa miaka tisini waliokuwa wakitoka kwenye mvuke wa sauna kila Jumamosi wananukia majani ya mti wa mbetula. Uzee haunuki, Urho. Kinachonuka ni mkojo ulioachwa kwa makusudi.

Mzee Toivo, yule aliyekuwa fundi wa misumeno kwenye kiwanda cha mbao, alikuwa pale mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikisoma kitambulisho changu shingoni taratibu, kisha akaniambia nimechelewa, wenye malalamiko wote wameshabebwa kupitia mlango wa nyuma, miguu mbele. Akauliza nimeleta nini, fomu au suruali kavu. Nikasema nimeleta fomu. Akasema haya, nimpe, ataikalia.

Aliyekuwa akimhudumia mama yako ni mama mmoja wa Kifilipino aitwaye Luzviminda, wote wanamwita Luz. Huyu alinipeleka kwenye kabati la nepi. Kabati lina kufuli na ufunguo anao msimamizi wa zamu, kana kwamba mle ndani kuna bunduki. Luz alinionyesha kwamba kila nepi ina mstari wa manjano katikati, na mstari huo hugeuka bluu kadiri nepi inavyoloa. Amri ya nyumba ile ni kwamba mzee habadilishwi mpaka bluu ipande robo tatu ya mstari. Ikifika nusu, anafunikwa shuka na kuambiwa asubiri. Mtu amekojoa, anajua amekojoa, anasema amekojoa, lakini mwenye kuaminiwa ni mstari.

Luz aliniambia alisomea uuguzi kwao miaka minne, na akaja hapa kufundishwa kusoma mstari badala ya kusoma uso wa mtu. Alisema mama yako hakuwa na kelele. Alikuwa akimshika kidole tu na kusema, mwanangu, kama si shida. Luz akiinua shuka anakuta bluu haijafika, anamfunika tena. Aliniambia niandike hivyo hivyo, nisimpambe: "Mimi nimemfunika, kaka. Kwa mkono huu." Mara mbili alificha nepi ndani ya sweta akambadilisha kimyakimya. Mara ya pili walimkamata, wakampa onyo la maandishi kwa wizi. Soma tena hilo neno. Mwizi kwa mujibu wao ni yeye.

Kisha nikapelekwa kwa meneja, Bwana Prescott, mtu msafi sana, ofisi yake inanukia mshumaa wa vanila. Alinieleza kwa upole kwamba mstari ni sayansi, kwamba nepi za kisasa zinafyonza vizuri mno, na kwamba mkaazi aliyevaa nepi hiyo hata hahisi unyevu. Nilimuuliza kama yeye amewahi kuikalia moja, hata muda wa chakula cha mchana tu. Akasema kauli kama hizo hazitusaidii kusonga mbele. Nikamwambia ngozi ya mwanamke wa miaka themanini na minane ni nyembamba kama karatasi ya kitabu cha nyimbo, haisubiri sayansi. Akaandika kitu kwenye daftari. Hawa ndio watu wanaonichefua kuliko wakatili wenyewe, Urho. Mkatili anajua anachokifanya. Hawa wanakiita mwongozo, wanakitia kwenye jalada lenye picha ya ua, na jioni wanakwenda kuoga maji moto.

Nilipotaja barua ya mama yako hakushtuka hata kidogo. Alisema barua hiyo anaikumbuka, ofisi yangu ilimwandikia, kisha ikamwandikia tena kwamba mlalamikaji ameiondoa mwenyewe kwa hiari yake. Alikuwa na nakala. Akaigeuza upande wangu niione. Halafu akanikaribisha kahawa. Nikasema hapana, asante, kama tulivyolelewa. Akarudisha birika mahali pake, na hakurudia kunikaribisha. Nilitazama lile birika, na hasira niliyokuwa nayo haikuwa juu yake.

Nilimkumbuka mama yako na yule mchungaji kijana aliyetoka kusini. Siku yake ya kwanza kututembelea, mama yako alimkaribisha kahawa, naye akasema ndiyo pale pale. Alimmiminia, alimkatia na mkate wa iliki, lakini alimsema miaka kumi. Alikuwa akisema mtu mwenye kiu ya namna hiyo atawachungaje kondoo, si atawanywa. Sisi watoto wa mtaa ule tulilijua jambo hili kabla ya kujua kusoma. Ukikaribishwa mara ya kwanza, unakataa, hiyo ni adabu. Mara ya pili unakataa tena, ili mwenyeji apate nafasi ya kukuacha kama hana. Akirudia mara ya tatu, basi anataka kweli, nawe unapokea. Hakuna mtu wa kwetu ambaye hapana yake ya kwanza ni hapana.

Niliporudi ofisini niliitoa ile barua kwenye faili. Ameiandika kwa penseli, kwa Kifini chetu cha nyumbani, kwa ile hati yake iliyolala kama nyasi baada ya mvua. Nakunakilia maneno yake: "Siombi makubwa. Maisha yangu yote nilioga sauna Jumamosi. Hapa haipo, na hilo nimelikubali. Ninaomba tu nibadilishwe kabla ya chakula, ili nisile huku nimekalia mkojo. Mgongoni kuna mahali panawaka. Kama si shida kwenu." Juu ya barua hiyo mtu wa ofisi yetu amegonga muhuri: daraja la tatu, lile lisilo na haraka, starehe na mazingira. Mahali penyewe palipokuwa panawaka, baada ya miezi mitatu, palikuwa shimo lililofika mfupani. Cheti cha kifo kinasema sumu iliingia kwenye damu. Ni kweli. Ila hakisemi iliingilia wapi, wala ilikaribishwa na nani.

Nilimwomba mkuu wangu afungue faili upya. Alinijibu nilivyotarajia, kwamba lalamiko lililoondolewa na mwenyewe halifunguliwi, labda ithibitike kwamba kosa lilikuwa la ofisi, na hata hapo lazima ndugu wa marehemu aombe kwa maandishi kabla ya mwaka kwisha tangu siku lilipofungwa. Lilifungwa tarehe kumi na nne Novemba. Muda unao. Ulichokosa ni ushahidi wa kosa. Na faili halitafunguliwa bila huo, na lisipofunguliwa, kufuli la kabati lile litabaki pale pale, na Mzee Toivo ataendelea kukalia mzaha wake mpaka atoboke naye.

Ushahidi ninao, ndugu yangu. Utaratibu wetu ni kumpigia mlalamikaji simu moja na kumuuliza kama anataka tuendelee. Aliyempigia mama yako ni mimi.

Sikupaswa kulishika faili lile, kwa kuwa namjua. Nililishika kwa sababu nilijiambia atafurahi kusikia Kifini. Na alifurahi. Ilikuwa Alhamisi mchana. Alinitambua kwa neno la kwanza, akauliza habari za goti, akauliza kama Kaarina bado anaunguza uji wa wali. Tulicheka. Kisha nikamuuliza swali la ofisi, kama anataka tuendelee na lalamiko lake. Akasema, "Aa, Tauno, mwanangu, usijisumbue. Mna kazi nyingi huko."

Halafu akanyamaza. Hakukata simu. Nilimsikia akipumua. Nilijua anachokingoja kama ninavyojua jina langu. Alikuwa amekataa mara ya kwanza, na alikuwa anangoja nimuulize mara ya pili, akatae, halafu nimuulize mara ya tatu, aniambie. Hata mbwa wa mtaa ule angejua. Lakini wiki ile tulikuwa tumeagizwa kupunguza mafaili, na hilo lilikuwa mkononi mwangu limeiva, daraja la tatu, linasubiri neno moja tu. Nikamshukuru. Nikamwambia ajitunze. Nikakata mimi, yeye akiwa bado yuko pale, na nikaandika: ameondoa kwa hiari, ameridhika.

Ameridhika. Nimeandika neno hilo mara nyingi sana katika miaka hii, Urho, na sasa sijui ni wazee wangapi niliowafunika nalo. Luz alimfunika mama yako kwa shuka kwa sababu ameamriwa, na analia akilisimulia. Mimi nilimfunika kwa adabu yake mwenyewe, kisha nikaja kusimama kaburini nikala mkate wa iliki na nikakuahidi kwamba nitafuatilia.

Ndani ya bahasha hii utakuta maelezo yangu niliyoyaapia mbele ya wakili, kurasa mbili, na sahihi yangu iko kila ukurasa. Yanasema kosa lilikuwa la ofisi, na ofisi siku hiyo ilikuwa mimi. Luz naye ametoa yake. Bandika barua yako ya maombi juu yake na uipeleke, hawataweza kuikataa. Kazini wataniondoa, na wana haki. Usinihurumie katika hilo, wala usichelewe kwa ajili yangu.

Sasa nakuomba radhi. Hii ni mara ya kwanza, na ninajua utasema hapana. Pasaka nitakuandikia tena, nawe utakataa tena. Barabara zikishakauka nitakuja mwenyewe hadi mlangoni kwako niombe mara ya tatu. Jibu utakalonipa siku hiyo ndilo nitakalolishika, liwe lolote, na sitakata simu kabla hujasema.

Nisalimie Shirley na wadogo wote. Utunze mgongo. Kaarina anasema sufuria ataileta.

Ni mimi niliyekua mezani kwa mama yako,

Tauno