Kitambaa Mdomoni mwa Besi

Jumatatu, 18 Novemba

Kwa masikitiko makubwa inatangazwa kwamba kifungo cha tatu cha sare yangu, kilichoitumikia Bendi ya Gulzar tangu enzi nilipokuwa na kiuno, kimefariki asubuhi hii katika ajali ya kuinama kufunga kamba za viatu. Marehemu aliruka, akagonga sufuria ya dengu, akapotelea chini ya kabati. Mke wangu Mehrun hakuomboleza. Alisema kifungo hakina kosa, tumbo ndilo lenye kesi.

Na siku yenyewe ndiyo ya studio! Bosi Irshad ameamua turekodi. Siku hizi wenye harusi wanataka kusikia bendi kwenye simu kwanza, kabla ya kuja kwenye duka la bendi kumaliza chai yetu. Sawa. Tukajazana, sare kamili, kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Feni imezimwa — eti inaingia kwenye maiki. Mji mzima wa Jabalpur hauna tanuri kama lile.

Fundi mitambo anaitwa Ankit. Viatu vyangu vimemzidi umri. Alitupigisha mmoja mmoja. Mustaqim, mpiga klarineti na kiongozi wetu, alipiga akiwa amefumba macho. Kisha mimi na besi langu, lile tarumbeta nene unalolikumbatia kama mtoto aliyekataa kushuka. Kazi yangu ni fuuu, halafu fuuu.

"Ami, hiyo ndiyo sehemu yako yote?" Ankit akauliza.

Nikamwambia huo ndio msingi wa nyumba. Akasema msingi anao tayari kwenye kompyuta.

Jumatano, 20 Novemba

Tumesikilizishwa. Simo.

Niliweka sikio kwenye spika mpaka Bosi akauliza kama nainusa. Hakuna fuuu hata moja. Kuna kitu kinadunda badala yangu, kama mtu anakung'uta godoro. Na nyimbo zote zimepandishwa. Ankit anasema zilikuwa zimelala, amezisogeza juu nusu sauti zichangamke. Klarineti ya Mustaqim sasa inalia kama imebanwa kidole mlangoni. Mwenyewe aliishika ile ya kweli. Aliifuta, akailaza kwenye sanduku, akafunga.

Mimi nilisema, na nilisema sana. Bosi alinijibu kwa upole — na upole wake ndio unaoudhi: "Si wewe ndiye msingi? Msingi wa nyumba umeuona wapi?"

Wote walicheka. Nami nilicheka. Nilikasirika nilipofika nyumbani.

Jumamosi, 23 Novemba

Kalamu inatoboa karatasi.

Harusi ya kwanza tangu turekodi. Bwana harusi juu ya farasi, taa, wajomba waliokwisha kulewa. Mbele yetu mkokoteni wa spika, unapiga rekodi yetu wenyewe. Sisi nyuma tupulize juu yake, muziki unenepe. Tukapuliza. Ya Rabi. Spika nusu sauti juu alikozipandisha Ankit, sisi chini kule kule tulikozoea, bendi moja inagombana na nafsi yake katikati ya barabara. Farasi alilaza masikio. Mjomba mmoja aliacha kucheza akauliza kwa nini zimeletwa bendi mbili, tena hazisalimiani.

Na Bosi akafanyaje? Akanyamazisha spika? Hapana. Ametugawia vitambaa! Tuvisokomeze kwenye midomo ya matarumbeta, tufure mashavu tu.

Mustaqim akamwuliza: "Nijifanye kupiga nyimbo nilizopiga mwenyewe?"

"Msimu huu tu, ndugu yangu."

Mustaqim akavua kofia, akaiweka juu ya mkokoteni, akaenda zake kwa miguu.

Mimi? Bosi alinitazama. Alikwisha sema kwamba mteja akitaka bendi ndogo, besi ndilo la kwanza kubaki nyumbani. Na mimi zaidi ya besi sijui kazi. Kwa hiyo nilikisokomeza. Cha kwangu kina maua. Nimetembea mpaka ukumbini nimefura kama chura.

Mehrun anasema leo nimerudi bila kuhema, hongera. 

Jumanne, 26 Novemba

Harusi nyingine. Maua yale yale. Mustaqim hapokei simu. Nikisema zaidi nitatukana.

Alhamisi, 28 Novemba

Soko zima lina habari. Muuza chai anasema jana asubuhi, kwenye harusi ya binti Tiwari, nilikipasua kitambaa kwa meno nikapiga wimbo wa kuaga, na ukumbi mzima ukalia. Kwa kinyozi hata farasi alilia. Farasi alikuwa amekwenda kulala. Acha niandike ilivyokuwa, maana kesho nami nitaanza kuamini ya kinyozi.

Harusi ilikesha, na asubuhi bibi harusi alikuwa anaondoka kwao. Baba yake, mzee Tiwari, akamwambia Bosi: sasa wimbo wa kuaga. Bosi akamtazama mtu wa mkokoteni. Akatafuta, akatafuta. Haupo. Hatukuurekodi — nani anakodi bendi kwa ajili ya wimbo wa kulia? Siku zote huupiga Mustaqim, na sisi fuuu nyuma yake. Spika ikatoa wimbo wa kukata viuno. Mama yake bibi harusi aliinua uso, na sijapata kuona mtu akiaibishwa hivyo mbele ya wageni wake. Bosi akatutazama mmoja mmoja. Kila mmoja akatazama viatu.

Meno hayakuhusika. Kitambaa kilikwama. Nilikivuta kwa vidole viwili, kikatoka kirefu na maua yake kama mchezo wa mazingaombwe, watoto wakapiga makofi. Kisha nikapiga. Wimbo ule naujua nusu ya kwanza tu, kwa kuusikia kutoka mgongoni mwa Mustaqim. Niliimaliza nusu hiyo, nikarudi mwanzo. Palipokuwa juu palinishinda, nikashukia palipokuwa na nafasi. Ulitoka kama nyati anayeaga. Bibi harusi alikuwa analia. Akafunua shela, akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka wanja ukimteremka, akamshika baba yake, na mzee naye akacheka huku anapangusa macho. Basi. Walitembea taratibu mpaka kwenye gari, mimi nyuma yao na nusu yangu ya wimbo, mpaka gari likaondoka.

Leo Bosi amekuja nyumbani mwenyewe, na jalebi zinazochuruzika shira. Watu wanapiga simu, wanautaka ule wimbo wa besi. Kesho asubuhi studio, mimi peke yangu.

"Ukishaurekodi, mkokoteni utakuwa nao," akasema. "Hutahitaji hata kusumbuka kuja."

Alisema kama mtu anayetoa zawadi.

Nimepita kwa Mustaqim kuomba nusu ya pili. Alisimama mlangoni. "Unaitaka kwa ajili ya harusi au kwa ajili ya Ankit?" Nikasema sijui. Akasema nikijua nirudi.

Mehrun amekitoa kifungo chini ya kabati kwa ufagio, amekishona. Koti liko kitandani, besi nimeling'arisha. Anauliza hii sare ni ya studio kesho au ya harusi Jumamosi. Jalebi nimezila zote.