Kitufe Kilichobaki Nje ya Kioo

Kiabakari, Jumanne usiku

Nimesugua mpaka kidole kinauma. Ukurasa wa kuombea mbegu za pamba, aliotengeneza mjukuu wangu Nyangeta, umezidi kioo cha simu yangu. Kitufe cha kutuma kimebaki huko chini na ukurasa hausogei.

Nikampigia.

"Bibi, niliujaribu kwenye simu yangu kubwa tu. Nitaufundisha upime kioo kwanza, ila mpaka wiki ijayo."

"Fundi gani anashona gauni bila kumpima mvaaji?"

Akacheka, mjinga huyu. Maombi yanafungwa kesho, na bila mbegu sina cha kupanda.

Simu kubwa hapa nyumbani anayo mke mwenzangu tu, na tumenuniana tangu mavuno. Mimi ndiye mke mkubwa. Yeye ndiye huwaga anakuja kuniamkia.

Kesho nitamwamkia mimi.