Viatu Vyako Mlangoni

Nyar Bondo wangu, binti wa Bondo,

Nakuandikia kwa sababu Jumapili iliyopita nilikuona tena, kwenye miguu ya mwanamke mwingine.

Ulipotoka Bondo ukaolewa kwetu, ufukweni nje kidogo ya Kisumu, ulikuwa binti wa kanisa la ngoma na kanzu nyeupe. Kanisa letu liliimba limesimama wima, vitabu vya nyimbo mkononi. Ngoma hukuleta. Kanzu uliiweka chini kabisa ya sanduku. Jambo moja tu ulikataa kuliacha: kuvua viatu mlangoni. Kwenu hakuna aliyeingia mbele za Mungu na viatu. Kwetu viatu viling'arishwa Jumamosi ili Mungu avione.

Kwa hiyo kila Jumapili jozi moja ya bluu ilibaki kwenye ngazi. Akina mama walikutania: "Mama Akinyi, kwani mbinguni kuna matope?"

"Hakuna," ukajibu, "ndio maana sitaki kupeleka yangu."

Walicheka, nawe ukacheka.

Kisha nikachaguliwa mzee wa kanisa. Wenzangu wakanikalisha: leo mmoja anavua viatu, kesho mwingine ataleta ngoma. Nikaja nyumbani, nikakukuta unaparua magamba ya ngege, nikasema, "Vaa tu, Nyar Bondo. Kwa ajili ya umoja."

Hukubishana. Uliuliza tu, bila kuinua kisu, "Na huo umoja, mimi niko ndani?"

Nilijifanya sijasikia.

Ulivaa. Tangu siku hiyo hukuomba tena kwa sauti kanisani, wewe uliyekuwa ukiwataja wagonjwa wote kwa majina, pamoja na ng'ombe wao. Wale wale waliolalamika wakaanza kuniuliza, mbona Mama Akinyi amenyamaza? Nilisema una mafua. Mafua ya miaka kumi na mmoja. Na siku ya kukuzika nikaagiza uvalishwe viatu. Hata hapo sikufikiri.

Baadaye ziwa lilipanda likachukua boma na kanisa. Kaburi lako lilibaki, pale penye mwinuko. Mimi nimekuwa mgeni wa binti yetu Akinyi huku Sondu muda mrefu sasa. Waumini wa hapa, wengi wao Wakipsigis, walitupokea vizuri, wakaniweka kwenye baraza la wazee. Mwezi uliopita akaja mama mmoja kutoka ufukwe wetu, Mama Otis, muuza dagaa wa omena. Akavua patipati zake mlangoni.

"Mzee, huyu ni mtu wa kwenu," mwenyekiti wa baraza akaniambia. "Zungumza naye. Anataka kutuonyesha sisi hatuna heshima?"

Nikakubali. Niliandika kurasa mbili juu ya umoja, na, sikufichi, zilikuwa nzuri.

Jumapili nikamsubiri kwenye ngazi. Alipoinama kuvua, kurasa zikabaki mfukoni. Nikakaa chini, nikaanza kufungua kamba za viatu vyangu. Vidole vyangu unavijua, fundo likanishinda.

"Mzee, kwani vinakufinya?" akauliza.

"Hapana. Nisaidie tu kufungua."

Akapiga magoti, akafungua fundo, akavuta kiatu, akasita. "Lakini hii soksi ina shimo."

"Itaingia hivyo hivyo."

Sakafu ilikuwa baridi. Mwenyekiti alinikazia macho hadi wimbo wa tatu. Alhamisi baraza linakaa kunijadili, na Akinyi hana raha: "Baba, sisi ni wageni hapa. Utatufukuzisha." Simlaumu. Kupokelewa tulikopokelewa si jambo dogo, nami sitaki kuligawanya kanisa lililotupa mahali pa kukaa.

Ila sitawasomea zile kurasa. Nitawaambia habari yako: kwamba tuliwahi kuwa kanisa ambalo wote walivaa viatu, tukafanana vizuri kabisa, na wagonjwa wetu wakakosa mtu wa kuwataja kwa majina.

Mama Otis aliomba Jumapili ile, kwa sauti, kwa Dholuo. Wakipsigis waliokaa nyuma yetu hawakuelewa neno hata moja, wakaitikia amina. Nami niliitikia, nikikulilia wewe.

Swali lako nililisikia siku ile ile, Nyar Bondo. Ulikuwa ndani. Mimi ndiye niliyekutoa.

Lala salama. Na kama huko uliko kuna mlango, vua viatu nilivyokuvalisha.

Mumeo,
Baba Akinyi