Harufu ya Esanse kwa Njia ya Beni

Kazi moya (Jumatatu), 5 mwezi wa tatu 2001

Nimesukula camionnette, gari ya dispensaire yetu, nimetosha matope ya njia ya Musienene. Harufu ya esanse, mafuta ya gari, tena. Nilifikiri ni bidon yenye tunabebaga nyuma. Nimeitosha, nimeiweka mu depo; harufu ikabakia. Nimeinama chini ya tanki: kavu. Nimefungua mbele: karburateri kavu, durite, mupira wa kupitisha esanse, kavu. Nimefunga.

Hii gari imezeeka. Lakini iko peke yake. Ile ingine basoda, baaskari ba vita, balikamata tangu Noeli.

Kazi mbili, 6

Masika, infirmière, muuguzi wetu, anasema kichwa inamuluma akipanda mu gari. Nilimujibia ni bidon. Uongo. Bidon iko mu depo tangu jana.

Sikupenda aseme gari isitembee. Dereva bila gari ni nani?

Kazi ine, 8

Papa Ramazani, fundi wangu, ameenda Beni kutafuta vyombo ya gari. Nimetafuta fasi inavuja mimi peke yangu, asubui, motere imepoa. Kavu fasi yote. Pua inasema iko, macho inasema hapana. Inanikasirisha.

Kazi tano, 9

Kavugho, bibi ya jirani yetu Paluku, anaumwa kuzaa siku ya pili. Mutoto amekingama mu tumbo. Dokta wa kupasua iko Beni. Tulitoka Butembo saa tatu. Kavugho amelala nyuma na Masika, Paluku mbele na mimi.

Ku bariere, fasi basoda banasimamishaga gari, soda moja aliingiza kichwa mu dirisha, sigara mu kinywa. Nilimuomba aitupe. Aliniangalia mingi. Kisha akarudi nyuma, akatuacha.

Kisha kupita Maboya, motere ilipata joto, harufu ikapanda. Macho ilikuwa inaniwasha. Masika alipiga ku kabini: Kavugho anatapika. Nilisimamisha gari, nikazima.

Paluku aliuliza: "Kasereka, unafanya nini?"

"Tushuke. Gari inaweza kuwaka."

"Bibi yangu anakufa. Tembeza."

"Sitembeze, ndugu yangu."

Alinikamata shati. Kisha akaniacha, akalia. Tulifanya kipoyi na miti mbili na blanketi. Balimaji bane balitoka mu mashamba, bakamubeba. Balienda kwa miguu, Masika na Paluku nyuma yabo.

Mimi nilibakia kulinda gari. Ile njo sababu nilisema. Kweli ni kwamba nilikuwa na haya ya kutembea nyuma ya ile kipoyi.

Posho (Jumamosi), 10

Nililala kwa mulimaji moja. Asubui Papa Ramazani alitoka Beni ju ya kamio, lori ya mizigo, akaona gari yetu, akashuka. Alikuwa na kartasi yenye Masika alimupatia ku lopitali ya Beni. "Mama muzima. Mutoto hapana. Kamio ilitubeba, lakini tulikuwa tumetembea saa mbili muzima."

Nilisoma mara tatu. Papa Ramazani alinishika bega, akafungua mbele ya gari. Nilimuambia namna nilitafuta asubui. Halafu akasema: "Washa."

Niliwasha. Aliacha motere ipate joto, akaniita. Ku durite yenye kutoka ku pompe ya esanse, chini, fasi mukono haufikake bepesi, kulikuwa mupasuko mudogo kama ukucha. Esanse ilikuwa inatoka tone kwa tone, inaanguka karibu na bomba ya moshi. Nilizima. Kidogo tu, pakakauka.

"Unaitafutaga wakati motere imelala," alisema. "Ikilala, haivuje. Pompe ikisukuma njo inavuja."

Alikata durite mupya, akaifunga. Kisha: "Kufika Kabasha mungeungua bote. Ulisimama vizuri."

Neno ile ingenituliza. Hapana. Kazi tano nilisimama vizuri. Kazi mbili nilidanganya. Kama Masika angejua, tungengoja fundi ao tungetafuta kamio mapema.

Siku ya Mungu, 11

Beni. Balizika mutoto mbele nifike. Ilikuwa mwanaume.

Nilimukuta Paluku inje ya lopitali. Nilimuambia yote: mupasuko, tone, uongo.

"Masika alikuuliza, na ukamudanganya?"

"Ndiyo."

Alirudi ndani ya lopitali. Sikuomba anisamehe. Ningekuwa namubebesha mzigo ingine.

Masika naye nilimuambia. Aliendelea kufunga kidonda ya mugonjwa moja na bande. Mwisho alisema: "Mara ingine uniambie kweli. Na kama ni kubeba batu ku mugongo, tutababeba."

Kazi moya, 19

Lopitali imemuachilia Kavugho. Paluku alikuya mwenyewe kuniita fasi nilisimamisha gari, Beni.

"Gari inatembea?"

"Inatembea."

Mbele ya kutoka niliwasha motere, nikafungua. Aliinama pamoja na mimi. Tulingoja ipate joto. Hakuna tone.

Kavugho alikaa mbele. Tulipopandisha mulima ya Kabasha na kukaribia Maboya, aliomba nisimame fasi balimubebea. Alishuka polepole, mukono moja ku tumbo. Aliangalia majani, njia, mashamba. Mulimaji moja alimutambua, akavua kofia. Paluku alimupa ule mulimaji mukono.

Halafu Kavugho akapanda mu gari, akajifunika kitenge.

"Twende," akasema.

Tulifika Butembo saa nane. Mvua ilikuwa inaanza.