Giza la Mama Furaha

Jumamosi, Juni, baridi kali

Mdomo wangu huu! Ningenyamaza tu, nisukwe nywele, niende zangu.

Lakini mhadhara wa Jumatatu ulikuwa umenijaa kichwani, na Mama Furaha, msusi wangu pale mtaa wa Troyeville, akaniuliza safari hii nitafundisha nini. Nikamwambia: jinsi wanajeshi wa Vita Kuu ya Pili walivyoanza kuona usiku. Walimulika kwa taa za infraredi, ambazo mwanga wake jicho halioni, wakatazama kwa darubini maalumu, askari akiwa amebeba betri nzito mgongoni. Siku hizi, nikaongeza kwa maringo ya mwalimu, hata taa si lazima, na majeshi mengi yana vifaa hivyo.

Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

Kila mwaka kanisani hutoa ushuhuda uleule: usiku walipokimbia vita kule Kivu na watoto, walipita karibu kabisa na kambi ya askari, Mungu akawafunika kwa giza. Tunauitikia amina kabla hajamaliza.

"Sasa, mwalimu, wale basoda wa ile kambi walikuwa wanaweza kutuona?"

Nilitamani kudanganya. Nikasema, "Huenda, Mama."

Eish. Nimemharibia muujiza wake, niliwaza, na macho nikayaelekeza sakafuni.

Akaendelea kusuka, polepole, mpaka mstari ukaisha.

"Basi mwaka huu nitabadilisha ushuhuda," akasema. "Nitamuombea ule mwenye alituona, akanyamaza."