Tahadhari Iliyohama na Mpangaji

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nina hasira, na mtu pekee ninayeweza kumweleza bila kunikatiza ni wewe, unayepumzika kaburini Hanga mwaka wa pili sasa.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza katika ofisi yetu ya kupangisha nyumba? Ulinitembeza kwa miguu kutoka Matarawe hadi Bombambili, mimi na viatu vipya, wewe na daftari lako lenye jalada gumu. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake: hapa nyaya ziko wazi, hapa kuna mbwa mkali, hapa ukuta umepasuka. Nilikuuliza mbona hukuanza na majina ya wapangaji. Ukasema, "Mtu anahama, mwanangu. Shimo halihami." Visigino vilikuwa vinaniuma, nikaona unanichelewesha tu.

Ulipostaafu wakaleta kompyuta. Wakaja wataalamu wawili, wakaliingiza daftari lako kwenye mfumo, na tahadhari zote wakazibandika kwenye majina ya wapangaji badala ya nyumba. Nilipouliza, mmoja akanijibu kwa upole, kama anayemfariji mgonjwa, "Dada, kwenye mfumo huu kila kitu kinaanza na mteja."

Basi, kila ukifungua jina la mtu kinaruka kidirisha chekundu na kengele inalia. Huendelei mpaka ubonyeze "Nimesoma". Chekundu kwa waya ulio wazi, chekundu kwa mama anayeomba apigiwe simu baada ya misa, chekundu kwa mzee aliyebadilisha namba. Nilibonyeza mpaka kidole kikaijua njia chenyewe. Nakuambia jambo ambalo ofisini sijalisema: niliacha kusoma.

Mama Agatha alipohama nyumba ya mtaa wa Mateka kwenda Lizaboni, mfumo uliniuliza kama nihamishe taarifa zake zote. Nikabonyeza ndiyo. Zikahama zote, pamoja na tahadhari ya lile shimo la choo nyuma ya nyumba ya Mateka, lenye mfuniko wa mbao zilizooza. Nyumba ikabaki haina doa, kama kitambaa cha altare.

Wiki ile ile nikamtuma fundi Osmund, yule uliyekuwa ukimtania mkwe, akatengeneze bomba la uani huko Mateka. Alinipigia simu akiwa getini.

"Dada, hapa hakuna kitu cha kuangalia?"

"Hakuna, kaka. Ingia tu."

Mbao zikakatika. Aling'ang'ania ukingo kwa viwiko, akipiga kelele, mpaka majirani wakamvuta kwa kamba. Mguu ulivunjika. Na siku hiyo hiyo Mama Agatha alikuwa ameketi mbele ya meza yangu, analalamika kwamba mafundi hawataki kwenda kwake. "Wote wanasema karatasi ya kazi inaonyesha kwangu kuna shimo. Mwanangu, Lizaboni sina shimo. Nina paa linalovuja."

Nilimpelekea Osmund uji hospitali, nikamwambia aliyebonyeza ni mimi. Akasema, "Shangazi yako angeniambia." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana.

Nikaenda kwa meneja. Akasema mfumo hauna kosa, ulifanya ulichoambiwa. Nikawapigia simu waliotuuzia. Wakasema tahadhari za nyumba zitakuja kwenye toleo lijalo. Nikauliza lini. Wakasema, "Likiwa tayari, dada." Nilikata simu nikaenda kusimama nje kwenye jua, maana ningebaki ndani ningevunja kitu. Nilikuwaza sana pale. Wewe ungecheka kwanza, halafu ungetafuta njia.

Nikaitafuta. Jina la nyumba, shangazi, halihami na mtu wala halina kitufe cha "Nimesoma". Nikalitoa daftari lako kabatini, nikabadilisha majina. Ile ya Mateka nikaiita "Nyumba ya Mateka Shimo Wazi Nyuma". Nyingine ikawa "Nyumba ya Msamala Ukuta Umepasuka". Nikaenda ukurasa kwa ukurasa, kwa siku tatu.

Sikufikiri kwamba majina hayo yanachapwa kwenye mikataba. Mwenye nyumba ya Mateka alikuja na mkataba mkononi, jasho linamtoka.

"Binti, unaitangaza nyumba yangu?"

"Shikamoo, mzee. Ziba shimo, nami nitalifuta hilo jina."

Meneja alitoka ofisini kwake akaniamuru nifute palepale. Nikamwambia anayetaka kufuta akae kwenye kiti changu, na yeye ndiye awe anawatuma mafundi. Alitazama kiti, akatazama kompyuta ikilia, akarudi ndani. Mwenye nyumba alimwaga zege kabla ya Jumapili. Nilikwenda Mateka mwenyewe, nikasimama juu ya mfuniko mpya, nikaruka mara mbili, ndipo nikafuta.

Bado zimebaki nyumba nyingi zenye majina kama hayo, na kengele bado inanitia wazimu. Lakini jana Osmund alirudi kazini, anachechemea kidogo. Nikampa karatasi ya kazi. Akaisoma polepole kwa sauti, "Nyumba ya Msamala Ukuta Umepasuka." Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nitapita upande wa pili," akasema.

Pumzika, shangazi. Kazi yako naifanya, kwa kununa, lakini naifanya.

Mtoto wa kaka yako,
Xaveria